Dada Yangu Hanywi, Anaonja

Nyumba yangu ya Kasongo ni ya matofali ya kuchoma, ina mabati mapya na madirisha ya kioo yaliyobebwa kwa pikipiki moja moja, yakiwa yamefungwa katikati ya magodoro ili yasivunjike. Naanza na nyumba kwa sababu mengi ya haya yalitokea humo, na pia kwa sababu najivunia. Sikupewa na mtu. Nilibeba saruji Bukavu nikiwa mwanafunzi, nikauza kadi za simu Lubumbashi, nikarudi nyumbani na lisansi, yaani shahada, ya maendeleo vijijini, ya kwanza katika ukoo wetu, upande wa baba na upande wa mama. Diploma iko ukutani ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni akikaa tu anaiona. Mtaani wananiita Lisansie. Sikuwaomba waniite hivyo, wala sijawakataza.

Miaka yote ya masomo, watu wakiniuliza ndugu zangu wanafanya nini, nilijibu kwamba nina dada mmoja tu, mkubwa wangu, analima kijijini kwetu, Wamaza. Haikuwa uongo kamili. Analima kweli, mihogo na karanga. Lakini si kilimo kilichomfanya ajulikane hadi Kabambare. Kazi yake ilikuwa kuonja lutuku.

Lutuku ni pombe kali, nyeupe kama maji, ya mihogo na mahindi. Mama yetu aliipika nyuma ya nyumba kwa pipa lililozibwa kwa udongo, na bomba lilipita ndani ya kipande cha mtumbwi mzee kilichojazwa maji baridi. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mpishi mmoja, kijiji cha pili kutoka kwetu, aliyepika vibaya akawanywesha watu kilioni. Wawili kati yao walipofuka. Tangu siku hiyo hakuna mnunuzi aliyekubali kubeba bidoni, yaani dumu la pombe, bila kuonjewa kwanza, na sheria ya kuonja ilikuwa moja: anaonja mtu wa nyumba inayopika, mbele ya mnunuzi, mafundo mawili, moja la matone ya kwanza na moja la katikati. Na lazima ameze. Ukitema umesema ni sumu, na bidoni inamwagwa hapo hapo.

Wanunuzi hufika asubuhi, kwa sababu wanataka kumaliza njia kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo kuonja ni kazi ya asubuhi, kama kufagia.

Mama alionja mwenyewe mpaka kifua kilipomshinda. Nakumbuka alivyotuita sisi wawili tukasimama mbele yake. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, darasa la tano, na kwa hesabu alinishinda, nakiri. Mama alinigusa bega.

“Huyu ni wa kalamu,” akasema. Halafu akamtazama dada. “Weye utanisaidia.”

Hiyo ndiyo ilikuwa mitihani yote aliyofanyiwa dada yangu. Mimi nilienda shule, karo yangu ikalipwa kwa bidoni, naye kila asubuhi akameza mafundo yake. Hakuna aliyesema msichana yule anakunywa. Kwetu mambo haya yana majina yake. Mwanamume akinywa divai ya mchikichi saa moja asubuhi, anafungua macho. Waliolima shamba la mtu wakipewa lutuku saa tano, wanapewa nguvu. Kilioni unakunywa tangu jua linachomoza na unasifiwa kwamba unakaa na wafiwa. Dada yangu alikuwa anaonja. Nami, baada ya kurudi na diploma, nikikaa barazani saa sita mchana na chupa mbili baridi mbele yangu, nilikuwa napokea wageni.

Mwaka wa pili baada ya kurudi kwangu, dereva mmoja wa pikipiki alitoka Wamaza akaniletea maneno ya binti ya dada. Mama yake alikuwa anaanguka njiani saa nne asubuhi, na akina mama wa kanisa walikuwa wamemtoa kwenye kwaya. “Anasema ukuje,” dereva akaniambia. “Anasema weye ndio umesoma.”

Nilikwenda. Safari ya siku nzima, tope na madaraja ya magogo, nami sikukosa kuwaambia watu njiani kwamba naenda kumwokoa dada yangu. Nililala kwa jamaa karibu na barabara, nikafika kwake asubuhi. Nilimkuta kwenye kigoda karibu na lile pipa, wanunuzi watatu na baiskeli zao wakingoja. Macho yake yalikuwa ya njano kama mawese, miguu imevimba. Mkono ulioshika kikombe ulitetemeka, akanywa, ukatulia.

“Mudogo wangu!” akasema. “Njo, njo ukae. Ona tumbo ya patron, ya tajiri!”

“Yaya,” nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa, “sasa iko saa ngapi?”

“Saa tatu. Juu ya nini?”

“Saa tatu asubuhi, na weye uko unakunywa.”

Wanunuzi walicheka mpaka mmoja akaegemea baiskeli yake. Dada hakucheka.

“Nani anakunywa? Niko naonja. Bidoni hii inaenda Kabambare. Watu wakikufa, ni weye utawazika na hiyo diploma?”

“Patron, umuache mama,” mnunuzi mzee akasema. “Bila ulimi yake sisi wote tungekuwa vipofu. Ulimi kama hii haiko ingine, ata Kasongo.”

Aliyasema kwa heshima. Ndipo nilipoelewa kwamba nisingepata mtu hata mmoja wa kunisaidia kumzuia. Kijiji chote kilimhitaji hivyo alivyo. Wapishi wa jirani walikuwa wanamletea bidoni zao pia, akiwa amegeuzwa mtu wa nyumba zote, na siku za soko alimeza mafundo ambayo hakuna aliyeyahesabu. Waliomtoa kwenye kwaya walimtoa kwa sababu ya kuanguka, si kwa sababu ya kikombe. Waume zao walinunua lutuku iliyopita kwenye ulimi wake, na baadhi yao walikuja kuichukua na birika ya chai ili njiani waonekane wamebeba chai. Nilizicheka sana birika zile. Nikamwambia dada kwamba watu wa Wamaza ni waoga, kwamba mtu akitaka kunywa aweke chupa mezani kama mimi.

Alikubali kuja Kasongo kwa mwezi mmoja. Alikubali kwa sababu binti yake alilia. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wake pekee, na alikuwa bado shuleni. Tuliacha pipa limefunikwa, binti akabaki kuangalia nyumba, na wanunuzi wakaambiwa wangoje.

Nyumbani kwangu niliweka sheria. Niliisema sebuleni, nimesimama chini ya diploma: humu ndani hakuna mtu atakayegusa lutuku, hata tone, tangu leo. Nilikuwa nimesoma kozi nzima ya kubadilisha tabia za watu vijijini, na alama zangu zilikuwa nzuri kuliko za wote. Nilijua kwamba tabia hukatwa kwa mara moja.

Siku ya pili akawa anatoka jasho na kutetemeka, chakula hataki. Nikamwambia ni uchafu unatoka. Saa sita rafiki yangu mmoja wa ofisini akapita, kama alivyozoea, na kwa kuwa mke wangu alikuwa sokoni nikamwomba dada atuletee chupa na kuzifungua. Alizifungua. Mikono ilimtetemeka kiasi kwamba kifuniko kiligonga chupa kama kengele ndogo. Rafiki yangu akainua glasi.

“Mama, asante. Kwa mutu mwenye kazi ya kichwa, mchana bila moja baridi, kichwa inapasuka.”

“Kumbe,” dada akasema. “Hii haikatazwi?”

“Hii ni bia, Yaya,” nikajibu. “Ni kitu ingine.”

Alitazama saa ya ukutani, akatazama fremu iliyo karibu nayo. “Ndiyo,” akasema. “Kumbe mchana wa watu wa diploma haufanane na mchana yetu.” Rafiki yangu alicheka akasema mama huyu ana mdomo. Mimi nilimaliza chupa yangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliimaliza, nikafungua ya pili.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, dada alianguka uani. Mwili ulikakamaa, ukarukaruka juu ya saruji, povu mdomoni, macho yamegeuka. Jirani mmoja akapiga kelele kwamba ni pepo, akaanza kuomba. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, tukampeleka hospitalini.

Mwuguzi aliyetupokea alikuwa mtu mfupi mwenye koti lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Aliangalia macho ya dada, akabonyeza tumbo lake, akaniuliza alikuwa anakunywa nini, tangu lini.

“Tangu utoto. Lakini nimemukatisha.”

“Kwa siku ngapi?”

“Kwa mara moja.”

Akaweka kalamu chini. “Umesoma nini, patron?”

“Maendeleo vijijini.”

“Sawa. Mwili yake haijasoma maendeleo.” Hakuwa anatania. Alisema mtu aliyekunywa miaka yote hiyo hakatishwi hivyo, kwamba wengine hufa, na kwamba dawa ya kumtuliza waliyokuwa wanangoja ilikuwa haijafika. Aliinama kwenye kitanda, akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaona haya kwa niaba yangu: “Enda tafuta lutuku safi. Kijiko asubuhi, kijiko mchana, kijiko jioni, halafu unapunguza polepole. Leo sina kingine cha kukupa.”

Kwa hiyo saa nne asubuhi, siku ya kazi, mimi nikaenda kununua lutuku Kasongo.

Nilipita nyumbani kwanza, nikasimama jikoni nikitafuta chombo. Chupa ya plastiki inaonekana. Bidoni inaonekana zaidi. Nikachukua thermosi ya chai, ile nzuri yenye maua tunayowawekea wageni. Nilipokwisha kuifunga ndipo nikakumbuka birika za Wamaza. Nikaibeba hivyo hivyo.

Nyuma ya soko kuna mwanamke mmoja anayeuza, kila mtu anajua, na kuna ubao ambao wanaume hukaa. Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mwalimu, simjui jina lakini nilijua suruali yake.

“Lisansie! Chai imeisha kwako?”

“Ni ya mgonjwa,” nikasema.

“Sisi wote hapa ni wagonjwa. Kaa!”

Walinisogezea nafasi kwenye ubao, kwa wema kabisa. Sikukaa. Mwanamke yule alichukua thermosi, akaifungua, akainusa, akasema chai yangu ilikuwa na tangawizi. Wakacheka tena. Kisha, kwa kuwa nilisema nataka safi, akamimina kikombe kidogo, akakiinua mbele yangu ili nione, akameza mafundo mawili. Alikuwa kijana bado. Weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kugeuka.

Miaka miwili nilikuwa nashusha kreti za bia mbele ya nyumba yangu mchana kweupe, na hakuna aliyewahi kunitania. Wengine walisaidia kubeba.

Nilimrudisha dada yangu nyumbani, nikamlisha lutuku kwa kijiko cha chai siku kumi na moja. Mke wangu hakutaka kukishika kijiko kile, na hadi leo kimewekwa peke yake. Kila siku nilipunguza kidogo. Siku ya saba mikono ilitulia. Siku ya tisa akala wali na samaki wa Lualaba, akaomba aongezewe. Alifagia uwanja, akapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, chini ya dirisha langu la kioo, na asubuhi moja nikamsikia akiimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, ile ngumu. Siku ya kumi na mbili sikumpa chochote, wala hakuomba. Nilimpigia mwuguzi simu kumwambia. Niliwaambia watu wengi siku ile. Nilisema: mimi nikishika kitu, kinanyooka.

Wiki moja baadaye dereva yule yule wa pikipiki akarudi na mfuko wa karanga kutoka kwa binti ya dada. Dada aliuliza habari za nyumbani, naye akajibu akinywa maji, bila kufikiri kwamba anasema neno kubwa.

“Muzuri tu. Wanunuzi walichoka kungoja. Mutoto alipika yeye mwenyewe, na kazi inaendelea. Na yeye iko na ulimi muzuri, wanasema ni kama wako.”

Dada aliweka mfuko chini.

“Anaonja?”

“Sasa nani ataonja, mama? Ni yeye mutu wa nyumba.”

Aliingia ndani akaanza kufunga nguo zake kwenye kitambaa. Nilimfuata. Nikamwambia akirudi kule atakufa, na kwamba mwuguzi amesema ini halina nafasi nyingine. Nikamwambia avunje pipa.

“Na wajane wanne wanaopika na mimi, watavunja nini? Mihogo yao watawauzia nani?” Hakuacha kufunga. “Na weye ulisoma kwa pesa ya nini, mudogo? Ya mvua?”

“Basi tumulete mutoto hapa. Nitamusomesha.”

“Ukimuleta leo, kesho wataweka mutoto ya jirani. Na nyumba yangu itafungwa, na shamba itachukuliwa. Unajua vile iko.” Kisha akakaa kitandani, akasema polepole, kama mtu anayenifundisha hesabu zile alizonishinda. “Nikikaa huku nipone, ni yeye anakunywa. Nikienda, ni mimi. Haiko nafasi ya watu wawili kupona mu nyumba ile.”

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kulisikia neno lile, kunywa, likitoka mdomoni mwake.

Ningeweza kumzuia. Nina mlango wa chuma. Lakini nilitoka nje kutafuta pikipiki. Nilimlipia dereva, nikamfungia dada wali wa njiani. Alirudi Wamaza kukitoa kikombe mikononi mwa mtoto wake.

Nilimfuata kiangazi kile, baada ya miezi mitano. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilimkuta amelala kwenye mkeka barazani, tumbo limejaa maji, mikono imekuwa vijiti. Kikombe kilikuwa pembeni. Mzee yule mnunuzi alikuwepo na baiskeli yake, akanisalimu kwa huzuni ya kweli, akanivuta kando.

“Ulimi yake imekufa, patron. Tangu mwezi wa tatu. Unamupa ya kwanza, unamupa ya katikati, anasema ni sawasawa. Siku moja tulimupa maji kwa kumupima, akasema ni muzuri. Tulilia.”

Ikawa amerudi kufa kwa ajili ya nafasi ambayo hakuweza kuishika hata nusu mwaka. Walimwachia kikombe, kwa shukrani. Alikinywa sasa bila kazi yoyote, mchana kutwa, na hapo ndipo kijiji kilipoanza kumwita mlevi.

Binti yake alitoka nyuma ya nyumba na kitambaa kinachonuka moshi kichwani. Alinipigia goti. Nilimwambia nimekuja kumchukua, kwamba kuna chumba, na shule mimi nitalipa. Alimtazama mama yake kwenye mkeka.

“Na yeye, mujomba? Ataachiwa nani?”

“Tutaenda naye.”

“Hawezi kukaa juu ya pikipiki tena. Tulijaribu.” Kisha akatabasamu ili nisijisikie vibaya. “Ata shule, sikuipenda sana.”

Nyuma yake, kwenye ukuta wa udongo, mahali ambapo mgeni akikaa tu anaiona, ilibandikwa kwa ugali mkavu buleteni yake ya mwisho, karatasi ya alama za shule. Nilikaa nikaisoma, kwa sababu mimi ni wa kalamu. Alikuwa wa pili katika darasa lote, na kwa hesabu alikuwa wa kwanza.

Mzee aliita kwamba jua linapanda. Msichana akanawa mikono, akaenda kwenye bomba, akakinga matone ya kwanza. Dada yangu aligeuza kichwa kwenye mkeka amwone. Msichana akameza fundo moja, akangoja, akakinga ya katikati, akameza la pili. Hakukunja uso hata kidogo.

“Iko aje?” mama yake akauliza.

“Iko muzuri, mama.”

Mzee akafunga bidoni kwenye baiskeli kwa mpira. Kwa mazoea nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, na hakuna aliyekuwa anakunywa.